Kocha akiondoka ni msaliti, timu ikihama ni maendeleo

Jamani hili jambo limenikaa muda mrefu na leo naliandika lote. Mwezi wa saba mwaka 2021 chuo kikuu cha Oklahoma kule Marekani, pamoja na wenzao wa Texas, walitangaza wanaondoka kwenye ligi yao ya mpira wa Kimarekani wa vyuo, Big 12, wanakwenda ligi nyingine, SEC, na sababu kila mtu alikuwa anaijua, hela ya televisheni. Mashabiki wa Oklahoma wengi niliokuwa nawasoma mtandaoni walishangilia, wakaanza kutaja Alabama, Georgia, LSU, wakubwa wenzao wanaoenda kukutana nao. Haya. Mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo kocha wao Lincoln Riley, siku moja tu baada ya kufungwa na jirani zao wa Oklahoma State, naye akaaga anaenda chuo cha USC cha Los Angeles. Ndo ungeona sasa. Msaliti, mwoga, mpenda hela, kila jina baya alipewa, watu wanaapa hawatamsamehe mpaka wanaingia kaburini. Na ni miezi minne tu tangu chuo chenyewe kiwafanyie majirani zake kitu kilekile!

Mimi ugomvi wangu uko hapo. Kocha ana sura, anasimama pembeni ya uwanja kila mtu anamwona, akikosea unajua umtukane nani. Aliyesaini karatasi ya kuihamisha timu humjui hata jina, yuko ofisini na kiyoyozi, na ukija kushtuka kwamba kuna kitu kimekufa yeye keshapandishwa cheo. Na sisemi hili ni la Wamarekani peke yao, hapa Mtwara na kwa jirani zetu wa Lindi tunalo tena tunalo sana, nitafika huko.

Kwanza kwa wanaouliza huo mpira wa kuvaa helmeti nimeutolea wapi. Mtoto wa mama yangu mdogo anasoma Stillwater, jimbo hilohilo la Oklahoma, kwenye chuo cha Oklahoma State, ambacho ndo wale majirani walioachwa. Yeye ndo kaniambukiza. Mechi zao za mapema zinaanza saa moja usiku ya huku kwetu siku ya Jumamosi na za usiku wa kwao zinaisha wakati huku adhana ya alfajiri inaadhiniwa, kwahiyo mimi naangalia za mwanzo mpaka bando likate, zilizobaki nasubiri voisi zake asubuhi. Anaongea kwa kasi, nyuma unasikia bendi ya chuo inapiga matarumbeta, na kila voisi inaanza hivihivi, "Kaka umeona lakini? Kaka umeona?"

Msije mkafikiria ni mpira wa chuo kama wetu, ule wa jioni tumesimama pembeni ya mstari wa chokaa tunawaita wachezaji kwa majina ya utani. Uwanja wa chuo kikuu cha Michigan unaingiza watu 107,601. Wa chuo huo! Kocha Kirby Smart wa chuo cha Georgia analipwa dola milioni 13 hivi kwa mwaka, na kwenye majimbo mengi ya kule mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, kuliko gavana, kuliko daktari bingwa wa hospitali ya serikali, ni kocha wa timu ya chuo. Kwahiyo mtu wa kawaida akiona kodi na ada na michango inaishia kwa kocha lazima awe na neno la kusema, hilo nalielewa kabisa.

Sasa konferensi, ndo hizo ligi zao. Vyuo vinajikusanya kundi, vinacheza vyenyewe kwa vyenyewe, alafu kundi zima linauza haki za matangazo kwa pamoja na kugawana. Mtu wa huku ataelewa haraka nikimwambia afikirie korosho. Mzigo unakusanywa AMCOS, chama cha msingi cha wakulima, unaingia ghalani, chama kikuu kinaupeleka mnadani kwa pamoja iwe MAMCU iwe TANECU, na mnunuzi anapandisha bei kwa sababu anataka ule mzigo mkubwa wote. Wenye mashamba makubwa wawili watatu wakijitoa wakaenda kuuzia chama kingine, wale wadogo waliobaki korosho zao ni zilezile, ubora uleule, ila mnunuzi hana tena haja ya kugombana. Ndicho kilichotokea. Ligi ya Big Ten mwaka 2022 walisaini mikataba ya televisheni ya miaka 7 yenye thamani ya takriban dola bilioni 7, na kabla hata ya kusaini walikuwa wameshawachukua USC na UCLA kutoka ligi ya Pac-12, maana Los Angeles ina watazamaji wengi. Mwaka uliofuata Oregon na Washington wakafuata hukohuko. Arizona, Arizona State, Utah na Colorado wakakimbilia Big 12. Stanford na California wakaenda ACC, ligi ambayo hilo jina lenyewe ni la pwani ya Atlantiki na wao wako Pasifiki. Pac-12, ligi iliyoanza mwaka 1915, ikabaki na timu mbili, Oregon State na Washington State. Mbili tu!

Na wanafunzi ndo wanaobeba hiyo safari. Leo UCLA yuko ligi moja na Rutgers ya New Jersey, hapo katikati ni karibu kilomita 4,000, ni bara zima. Timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani ina ndege ya kukodi sawa, lakini kuna dada anacheza voliboli, kuna kijana anaogelea, nao ligi yao imehama hukohuko, Jumatatu wana mtihani. Hilo nalo wangeulizwa mashabiki siku ile wanashangilia sijui wangejibu nini, ila hakuna aliyewauliza na wao hawakuuliza.

Nirudi kwa Oklahoma State kwa sababu pale ndo pameniuma. Hao na Oklahoma walianza kukutana mwaka 1904. Mechi yao ina jina lake, Bedlam, na kwenye jimbo lile familia zinagawanyika kabisa, baba huku mama kule. Oklahoma ndo mkubwa, kashinda mara nyingi mno, Oklahoma State ni yule mdogo anayengojea mwaka wake. Tarehe 4 Novemba 2023 walikutana Stillwater na kila mtu anajua hii ndo ya mwisho, mwakani wenzetu hawapo. Mdogo akashinda 27 kwa 24. Ile voisi ninayo mpaka leo sijaifuta, haeleweki anachosema, kuna makelele tu na watu wanakimbia kuingia uwanjani, alafu kwenye dakika ya mwisho ya voisi katulia kidogo akasema, "Kaka wanaondoka tumewafunga. Wanaondoka tumewafunga." Anarudia.

Kocha aliyewapa usiku ule ni Mike Gundy. Huyu alicheza palepale akiwa kijana, akawa kocha mkuu mwaka 2005, na kuanzia 2006 mpaka 2023 kila msimu alishinda mechi nyingi kuliko alizofungwa, misimu 18 mfululizo, kwenye chuo ambacho kabla yake hakikuzoea hayo mambo. Mwaka 2011 alichukua ubingwa wa Big 12. Mwaka 2007 gazeti moja lilimwandika vibaya mchezaji wake akaenda mbele ya waandishi akafoka mpaka ile video imezunguka dunia nzima, anawaambia mkitaka kushambulia mtu nishambulieni mimi, mimi ni mwanaume, nina miaka 40. Mimi mtu wa namna hiyo nampenda, sifichi.

Basi msimu wa 2024, wa kwanza bila Oklahoma na Texas kwenye ligi, kashinda mechi 3 kafungwa 9, na za ligi hakushinda hata moja. Wakamkata mshahara dola milioni 1. Mwezi wa tisa 2025 kabla ya kwenda kucheza Oregon akaongelea hela ambazo Oregon wanatumia kusajili wachezaji, maana sasa hivi kule mchezaji wa chuo analipwa, tangu mwaka 2021 wanaruhusiwa kuuza jina na picha zao, na kuanzia 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwalipa moja kwa moja mpaka kama dola milioni 20 na nusu kwa mwaka. Watu wakamcheka, mzee analalamika. Akaenda akapigwa 69 kwa 3. Mechi iliyofuata akafungwa nyumbani na Tulsa, ambao hawakuwahi kushinda Stillwater tangu 1951, na siku chache baadaye akafukuzwa. Ushindi wake wote ni 170, hakuna kocha wa chuo kile anayemkaribia.

Nilimuuliza yule mdogo wangu, wewe ulitaka aondoke? Akasema ndio kaka, nilitaka, timu ilikuwa imekufa. Na mimi nakubaliana naye kabisa. Gundy alichelewa, wachezaji walikuwa wanahama kila msimu na yeye akawa anaendesha timu ya mwaka 2010 kwenye dunia ya 2025. Kocha akishindwa aondoke, sina tatizo na hilo. Tatizo langu ni kwamba nilisoma maoni ya mashabiki wiki ile mpaka macho yakauma, yanamtaja kocha, msaidizi wake, mwanae, kofia yake, nywele zake, na sikuona mtu anayesema kwamba tulikuwa kwenye ligi yenye Texas na Oklahoma, viwanja vinajaa, televisheni inalipa, vijana wa Texas wanataka kuja kwetu kwa sababu watacheza mbele ya ndugu zao, alafu watu fulani kwenye vikao fulani wakaamua vinginevyo. Hasira yote kamwagiwa mmoja. Alipoondoka wakampa takriban dola milioni 15 za kuvunja mkataba na hasira ikaisha. Oklahoma haijarudi.

Na hizo hela za kuvunja mkataba nazo jamani. Texas A&M mwaka 2023 walimfukuza Jimbo Fisher wakakubali kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili asifanye kazi. LSU walimchukua Brian Kelly kutoka Notre Dame mwishoni mwa 2021 kwa mkataba wa miaka 10, akafukuzwa mwezi wa kumi 2025. Alafu hao LSU wakamfuata kocha Lane Kiffin, akiwa chuo cha Ole Miss na timu iko 11 kwa 1 inaenda kwenye mtoano wa ubingwa wa taifa, na akaondoka kabla ya mtoano! Watu wakaenda mpaka uwanja wa ndege wa Oxford, mji wa Ole Miss, kumzomea. Hapo mimi naungana nao, kuiacha timu mlangoni pa ubingwa siyo jambo la kuungwa mkono. Lakini aliyekwenda kumshawishi katikati ya msimu ni chuo, kina rais wake, kina bodi yake, na mashabiki wa LSU waliokuwa wanataka Kelly afukuzwe ndo walimpokea Kiffin kwa shangwe uwanja wa ndege wa upande wa pili.

Tusijifanye hatuyajui. Januari 2021 Sven Vandenbroeck aliipeleka Simba makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa kuwafunga FC Platinum 4-0, asubuhi yake tukasikia kaondoka, kaenda FAR Rabat ya Morocco. Hapa Mtwara watu wa Simba walikuwa kama wamefiwa. Novemba 5, 2023 Yanga wakaifunga Simba 5-1, siku mbili tatu baadaye kocha wa Simba, Robertinho, hana kazi, na timu kwenye ligi ilikuwa haijafungwa msimu ule mpaka siku hiyo. Sitetei kufungwa tano, nilikuwepo mtaani Chikongola siku ile najua hali ilivyokuwa, ila niambieni nani aliulizwa kuhusu usajili? Nani aliitwa ajibu? Kocha ndo alibeba.

Na mnaosema kuhama ligi ni mambo ya Marekani, kumbukeni Ihefu. Timu ya Mbarali, Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga, uwanja wa Highland Estate. Novemba 2022 Yanga imecheza mechi 49 za ligi haijafungwa, nchi nzima inahesabu ya hamsini, Ihefu wakaifunga 2-1 palepale. Mwaka uliofuata mwezi wa kumi wakaifunga tena, palepale. Fikiria mtu wa Ubaruku anajisikiaje, Yanga nzima imekuja kwako imeondoka imenuna mara mbili. Na kabla msimu haujaisha timu ikahamishiwa Singida, alafu jina likabadilika ikawa Singida Black Stars. Sisi huku tuliongelea nini wakati ule? Tuliongelea kocha gani anakuja na wachezaji gani wa kigeni wanasajiliwa. Wale watu wa Ubaruku hatukuwaongelea hata kidogo, wala hakuna aliyewaita wanaohamisha timu wasaliti. Wawekezaji wana haki na hela zao, nalijua hilo, na Singida nao ni Watanzania wanastahili mpira. Lakini kama kocha akihama tunamzomea basi kwa haki ileile timu ikihamishwa tuulize japo swali moja.

Sasa Ndanda, timu yetu ya Mtwara. Hapa naandika kwa uchungu kwa sababu hii ni yangu. Ndanda ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 na siku za mechi hapa mjini unajua tu, kuanzia Bima mpaka sokoni bodaboda zina bendera, ukifika Nangwanda Sijaona unakuta akina mama wameshaweka meko ya mihogo nje ya ukuta, watu wametoka Newala, Tandahimba, Nanyamba, wamekodi Noah wamejazana. Kuchele! Nakumbuka jamaa mmoja alikuwa anakaa nyuma ya benchi letu kila mechi, shati lake lilelile, hajawahi kuangalia mpira mwenyewe, macho yake yote kwa kocha. "Mtoe namba nane! Mwalimu, mtoe namba nane, huyo kachoka!" Kocha akimtoa namba nane, jamaa anasimama anawageukia watu, "Mnaona anamtoa namba nane? Huyu mwalimu hana akili." Na watu tunaitikia, tunamzomea kocha wa watu.

Makocha walikuja wakaondoka, kila aliyeondoka tulisema sasa tumepona. Wakati huohuo timu inasafiri kwa basi kwenda Bukoba, zaidi ya kilomita 1,500 kwenda tu, inafika wachezaji miguu imevimba, inacheza, inageuza. Mambo ya fedha yalikuwa yanasemwa wazi redioni. Mwaka 2020 ikashuka, pamoja na Lipuli, Alliance na Singida United, na tangu hapo hatujarudi. Na angalia hizo nne zilizoshuka moja kwa moja, Mtwara, Iringa, Mwanza, Singida, timu za mikoani zote. Mikoa minne, makocha wanne tofauti, wote wabovu kwa pamoja? Haiwezekani. Mkataba wa Azam wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10 ulisainiwa mwaka uliofuata, 2021, sisi tukiwa tumeshatoka.

Namungo wa Ruangwa, Lindi, wao walipanda msimu ule wa 2019/20, msimu ambao Ndanda tunashuka. Kwahiyo Mtwara na Lindi tulikuwa na dabi ya kusini kwenye Ligi Kuu kwa msimu mmoja tu. Mmoja! Watu wa Ruangwa na watu wa Mtwara, barabara moja, korosho moja, ndugu walewale wanaozikana na kuoana, na mechi yetu ya Ligi Kuu ikaishia hapo. Ni jambo ambalo lingetakiwa lituumize kuliko kocha yeyote na silisikii likitajwa.

Na hao Namungo msimu huo wa kwanza walimaliza nafasi ya nne, wakafika fainali ya kombe la shirikisho la TFF pale Sumbawanga wakafungwa na Simba 2-1, wakapata tiketi ya kombe la shirikisho Afrika. Timu ya wilaya! Kocha Hitimana Thierry. Mwaka wenyewe haujaisha keshaondoka. Aliyemfuata, Hemed Morocco, akawaingiza makundi, walipofungwa huko na akina Raja na Pyramids ikaanza ileile, mwalimu hana mbinu, mwalimu mzawa hatufai. Ndo huyohuyo baadaye akaifuzisha Taifa Stars kwenda AFCON ya 2025. Mashabiki tunasahau haraka mno. Kule Oklahoma nako Brent Venables, aliyemrithi Riley, mwaka wa kwanza ndani ya SEC alimaliza na ushindi 6 na vipigo 7, watu wanamtaka aondoke kesho asubuhi, msimu uliofuata kashinda 10 kati ya 12 za msimu wa kawaida na walewale wakamwita jenerali.

Msiniambie shabiki hana nguvu, nguvu anazo. Jumapili ya tarehe 26 Novemba 2017 Tennessee walikuwa wamekubaliana na Greg Schiano awe kocha, habari ikavuja mchana, mashabiki wakachachamaa mtandaoni na chuoni, wanasiasa wa jimbo wakaingia, jioni ileile mpango ukafa na siku chache baadaye mkurugenzi wa michezo akaondolewa. Sababu zao sizijadili hapa. Ninachotazama ni masaa, kutoka mchana mpaka jioni watu wamegeuza uamuzi wa chuo kikuu kizima. Nguvu hiyo ingewekwa mwezi wa nane 2023 wakati Pac-12 inavunjwa ingekuwaje?

Na pale ilipowekwa imezaa. Washington alipohamia Big Ten watu wa jimbo lile waligoma kuipoteza mechi yao na Washington State, inaitwa Apple Cup, ya tangu 1900. Vyuo vikakubaliana waendelee kucheza nje ya ligi mpaka 2028, na Septemba 2024 yule aliyeachwa akamfunga aliyeondoka 24 kwa 19. Texas na Texas A&M walikuwa hawajakutana tangu 2011, A&M alipoondoka kwenda SEC, miaka kumi na mitatu wabunge mpaka wanaandika miswada kutaka mechi irudishwe, ikarudi Novemba 2024. Bedlam mpaka sasa haijapata watu wa kuipigania namna hiyo, na yule mdogo wangu nimemwambia aanze yeye, aandike kwenye gazeti la chuo, amtaje kwa jina kila aliyekaa kwenye kile kikao cha kuondoka na wale wa upande wao waliokaa kimya.

Huku nako nina langu. Kwenye lile grupu letu la wapenzi wa Ndanda mjadala wa wiki hii ulikuwa ni kocha tena, nani aje, mzawa au wa nje, na mtu kaweka mpaka picha. Nikaweka maswali yangu pale. Nauli za msimu mzima zinatoka wapi na zipo kwenye akaunti sasa hivi au zitatafutwa mechi kwa mechi? Mikataba ya wachezaji inaisha lini? Akitokea mtu na hela yake akasema anataka timu aipeleke mkoa mwingine, nani ana mamlaka ya kumwambia hapana, na yameandikwa wapi? Na mechi ya kirafiki na Namungo kila mwaka, mmoja Nangwanda, mwaka unaofuata Ruangwa, ligi iwe ipi iwe ipi, kwanini tusiianze hata bila kusubiri kupanda? Wawili wamejibu wako tayari kuchangia mafuta ya basi, mmoja wa Masasi kasema ana jamaa upande wa Ruangwa atampigia. Kuhusu mamlaka ya kuhamisha timu bado hakuna aliyejibu, na nimeliandika tena leo asubuhi.